Maswali ya wasomaji: Pawa stelingi ya gari la zamani, irudi kama ilivyotoka kiwandani

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa watu wenye magari ya zamani na karibu yote yamegusa sehemu moja, pawa stelingi, yaani pampu, boksi la stelingi, hosi na breketi zake, watu wanataka virudi sura ya kiwandani na sio sura ya rangi ya kopo. Nimefurahi sana maana hii ndo sehemu inayosahaulika kuliko zote ukifungua boneti. Nimechagua maswali machache, la kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu msingi wa mengine yote uko humo.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Pasua, Moshi. Nina Mercedes 230E ya 1983, ile bodi ya W123, ilikuwa ya baba mdogo kaniachia mimi. Injini iko poa, bodi imeshapigwa rangi imetulia, ila ukifungua boneti unaona aibu, pampu ya pawa na boksi la stelingi vimegandana mafuta na vumbi mpaka hujui vilikuwa na rangi gani. Fundi mmoja anasema tupige silva yote ing'ae, mwingine anasema tupige nyeusi. Mi nataka ikae kama ilivyotoka Ujerumani. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Silva yote hapana, na nyeusi yote hapana pia. Kiwandani hakuna mtu aliyechukua pampu nzima na breketi zake akazipulizia rangi moja. Kila kipande kilibaki na sura iliyotokana na kilivyotengenezwa, kilichomiminwa kikakaa na rangi ya kumiminwa, bati lililokandamizwa likapigwa rangi nyeusi isiyong'aa sana, bolti zikapitishwa kwenye zinki, klipu na vidude vidogo vikapitishwa kwenye dawa ya fosfeti vikatoka na weusi uliofifia. Ukikutana na injini ambayo haijawahi kuguswa unaona rangi nne tano zimekaa pamoja na kila moja ina sababu ya kuwa pale. Ukishapiga silva juu ya vyote hivyo umeficha kazi ya watu waliolitengeneza gari, na mi hilo linaniuma kweli.

Sasa naomba kitu kimoja kabla ya vyote, usioshe bado. Najua mkono unawasha lakini ngoja. Chukua simu piga picha kila upande, hosi inapita wapi, washa ipi iko chini ya bolti ipi, puli imegeuzia uso wapi, mkanda umepita vipi. Alafu funga matundu yote ya mafuta, mahali hosi zinapoingia kwenye pampu na kwenye boksi, funga kwa plagi ya plastiki inayokaa vizuri na sio kitambaa, kitambaa kinaacha nyuzi. Ukishafunga ndo uchukue mafuta ya taa na brashi laini ya nywele, ufute taratibu. Presha ya kuoshea magari iache kwanza, maana chini ya ule uchafu kuna vitu unavitafuta. Wakaguzi wa kiwandani walikuwa na kawaida ya kuweka tone la rangi kwenye nati au kiungo kilichokwisha kukaguliwa, tone la njano au jeupe au la bluu, kuna namba zilizogongwa kwenye chuma, kuna stempu za wino na vibandiko, na cha ajabu ni kwamba grisi iliyogandana imevitunza miaka yote hiyo. Ukija na presha na brashi ya waya dakika mbili tu vimekwenda na havirudi. Ukikuta tone la rangi lipige picha na sentimita pembeni yake, pima limekaa wapi, baadae utalirudisha palepale.

Kujua rangi halisi ya kipande usiangalie pale panapoonekana, angalia palipofichwa. Mfano mzuri unao hapohapo kwako. Mifuniko mingi ya kopo la mafuta ya pawa kwenye Mercedes za kipindi hicho imeshikwa na nati moja katikati. Ifungue hiyo nati taratibu, nyanyua washa yake, utakuta chini yake duara dogo la rangi ambayo jua halijaifikia wala mafuta hayajailainisha, pembezoni mwa duara rangi imepauka imekuwa kijivu na ndani ya duara nyeusi bado nzito, na ukiitazama kwa pembeni dhidi ya mwanga wa dirisha unaona kabisa inang'aa kiasi gani, sio kioo na sio mkaa, iko katikati. Hilo duara ndo sampo yako. Usilisugue, nenda na mfuniko wenyewe kwa muuza rangi wakuchanganyie mng'ao mpaka ufanane. Na ukishanyanyua mfuniko usishangae spring ikikuruka, chini yake kuna filta ndogo ya mafuta, watu wengi hata hawajui kama ipo, badilisha, ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachookoa pampu.

Sehemu nyingine za kutafuta rangi ya asili ni nyuma ya breketi pale inapobana na injini, chini ya klipu za hosi, ndani ya puli, na kwenye uzi wa bolti uliokuwa umezama ndani. Bolti ukiikuta ndani ina rangi ya dhahabu yenye upinde wa mvua kwa mbali hiyo ni zinki ya njano, ukiikuta nyeupe yenye ubluu ni zinki ya kawaida, nyeusi iliyokufa inayoshika mafuta ni fosfeti. Kwa vipande vikubwa beba sumaku. Ikishika ni chuma, isiposhika ni aluminiamu, na hilo ni la muhimu kuliko unavyofikiria maana dawa inayosafisha chuma inaweza kula aluminiamu ikaisha. Kostiki soda ndo adui mkubwa hapo, kwenye chuma inatoa grisi vizuri ila ukiitia aluminiamu inaanza kutoa povu na kuliwa palepale inabaki nyeusi. Nimeona watu wanailoweka breketi usiku kucha.

Kabla hujafikiria rangi, tibu kuvuja. Kupendezesha pampu inayovuja ni kupoteza hela, maana mafuta ya pawa yanalainisha rangi nyingi, ndani ya mwezi utakuta inabanduka kama ganda. Badilisha sili ya shafti ya pampu, oringi zote, na sili za boksi la stelingi, ya juu na ya chini. Ukitoa shafti pitisha kucha pale sili inapokaa, ukihisi mfereji basi sili mpya peke yake haitashika, kuna slivu nyembamba sana za chuma zinazovalishwa juu ya shafti iliyolika, au fundi anaisogeza sili kidogo tu ndani au nje ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima, kama nafasi ipo. Boksi la stelingi usimpe mtu anayejifunza. Humo ndani kuna gololo zinazozunguka kwenye mfereji wa skrubu, zikidondoka zikapotea au marekebisho yakikazwa kupita kiasi usukani unakuwa mgumu katikati na haurudi wenyewe baada ya kona. Kama boksi halivuji na halina uchezaji, safisha nje na uliache ndani lilivyo.

Sasa sura. Kipande cha aluminiamu usikipige msasa kabisa, msasa unaacha mistari inayong'aa na kiwandani kilikuwa na uso wa kumiminwa, wa kijivu hafifu wenye chembechembe. Maji ya moto, sabuni, brashi ya nailoni, penye ugumu tumia brashi ya waya wa shaba nyeupe kwa mkono mwepesi. Kuna njia nzuri zaidi ya kupiga kwa maji yaliyochanganywa na vipira vidogo vya kioo, inarudisha uso wa kiwandani kabisa bila kuula, ukimpata mtu mwenye hiyo mashine mpe kazi, usipompata sabuni na subira vinakufikisha karibu. Chuma cha kumimina kilichoachwa wazi ndo kinasumbua wenzetu wa huku, maana kwa masika ya Moshi, Machi mpaka Mei, chuma kitupu ukikiacha kinapata kutu kabla hujarudi kukiangalia. Hapo kuna njia mbili. Gari la maonyesho unalifuta mafuta mepesi kila mara na linabaki halisi. Gari la kutembelea, na nadhani lako ni la kutembelea, piga rangi ya kustahimili joto yenye kijivu cha chuma cha kumimina, nyembamba, isiyong'aa, mtu akiinama aone chuma na sio rangi. Mi nakushauri hiyo ya pili na sioni kosa lolote, kutu nayo sio sura ya kiwandani.

Bolti zinazoshika boksi la stelingi kwenye chasisi, na nati ya ule mkono unaotoka kwenye boksi, hizo usihangaike kuzipendezesha. Nunua mpya za daraja lilelile, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Hapo ndo maisha yako na ya uliowabeba yameshikwa.

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Njiro. Nimekusanya bolti, klipu na breketi ndogo za pawa za gari langu, nataka zirudi na ile rangi ya dhahabu. Kuna jamaa ananishauri nipige kromu kabisa ndo zidumu. Alafu nimesoma kwamba zamani walitumia kadimiamu. Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

JIBU: Nzuri kaka. Kromu iache kwa bampa. Kromu kwenye breketi ya pampu haikuwepo na mtu anayejua magari ataiona kabla hujamaliza kufungua boneti.

Kadimiamu kweli ilitumika sana kwenye bolti na vidude vya magari ya miaka hiyo, ina weupe uliotulia unaofanana na zinki lakini mlaini zaidi. Ni sumu. Ukikutana na bolti ya zamani na huna uhakika ni kadimiamu au zinki, usiipige grainda, usiisugue msasa mkavu na usiipashe moto kwa gesi, vumbi na moshi wake unaumiza mapafu na figo. Ilowanishe na uvae glovu. Hata zinki yenyewe ukiichomelea inatoa moshi mweupe unaoleta homa usiku wa siku hiyohiyo, mafundi wa kuchomelea mabati wanaijua vizuri hiyo homa.

Zinki ya njano inakaribia sana ile sura na ndo watu wa kurudisha magari wanaitumia. Nyumbani sikushauri. Zinki inahitaji umeme, asidi ya kuondoa kutu, na dawa ya mwisho ya kuleta ile dhahabu ambayo kwa aina ya zamani ina kromu ya sumu, sasa hayo maji ukimaliza utayamwaga wapi, mtaroni Njiro? Wengi wa huku Arusha wanakusanya vyao wakavipeleka Nairobi kwa wenye viwanda vya kazi hiyo, Namanga sio mbali, na ukiwa na mzigo wa gari zima bei ya kipande inashuka. Kabla ya kupeleka safisha mwenyewe, toa grisi yote na kutu yote, maana zinki haifichi kitu, kutu uliyoiacha itaonekana chini yake kama ilivyo. Tandika vipande vyote juu ya karatasi nyeupe, piga picha, hesabu, andika. Vidude vidogo vinazungushwa pamoja kwenye pipa na vya wateja wengine na klipu moja ikibaki humo hutaipata tena.

Kitu kimoja ambacho wengi hawaambiwi. Bolti ngumu, zile zilizogongwa 10.9 au 12.9 kichwani, zikipita kwenye asidi na umeme zinanyonya gesi ya haidrojeni ndani ya chuma, zinakuwa dhaifu kwa namna isiyoonekana, unaikaza leo inakaa vizuri alafu inakatika yenyewe siku nyingine bila dalili yoyote. Dawa yake ni kuziweka kwenye oveni la nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi kwa masaa kadhaa, na zinatakiwa ziingie humo mapema baada ya kupigwa zinki, sio kesho yake. Muulize mwenye kiwanda kama anafanya hivyo. Akikuangalia kama hajaelewa swali, toa bolti ngumu zote kwenye mzigo. Na hilohilo linahusu siki na asidi ya betri ambazo watu wanalowekea bolti kutoa kutu, kwa klipu na breketi sawa, kwa bolti ngumu hapana.

Zile nyeusi za fosfeti unaweza kujaribu mwenyewe, nje ya nyumba, kwa sufuria ya enameli au isiyoshika kutu, dawa yenye asidi ya fosforiki unaimimina kwenye maji na sio maji kwenye dawa, unapasha hadi karibu kuchemka bila kuchemka, unatumbukiza vipande vilivyo safi kabisa visivyoguswa kwa kidole, unasubiri mpaka vipovu vitulie. Ukitoa suuza, kausha upesi, alafu chovya kwenye mafuta mepesi palepale. Fosfeti bila mafuta haizuii kutu, ile kazi yake ni kushika mafuta.

SWALI: Fundi za saa hizi. Nipo Usa River, nina Range Rover ya 1978. Nilimpa fundi pampu ya pawa aisafishe irudi kama mpya, akaenda kuipiga mchanga kwa kompresa. Kweli imerudi nyeupe safi, lakini toka imefungwa inalia kama ng'ombe nikikata kona na usukani umekuwa mzito. Ameniambia ni mkanda. Mkanda nimebadilisha bado.

JIBU: Salama ndugu yangu, ila pole. Huo sio mkanda. Zima, usiendelee kuiendesha, kila dakika inayozunguka inaharibu zaidi na sasa inapeleka uchafu kwenye boksi la stelingi.

Pampu za aina hii kwa kawaida ndani zina rota yenye mifereji, na ndani ya kila mfereji kuna kipande chembamba cha chuma kinachotoka na kuingia kikisugua ukuta wa ringi. Nafasi iliyopo kati ya hivyo vipande na kuta zake ni ndogo kuliko unywele. Chembe ya mchanga ikiingia inachora, mafuta yanaanza kupita pembeni badala ya kusukumwa, presha inashuka na pampu inalia. Kwa kawaida mchanga unaingilia kwenye tundu la hosi lililozibwa vibaya au unajibana kwenye kona za kopo, alafu mafuta yanapoanza kuzunguka unatoka na kwenda popote.

Ifungue. Toa ringi na rota, ziangalie juani kwa kuzigeuzageuza, ukiona mistari inayoshika ukucha hiyo seti imekwisha, hakuna msasa unaoirudisha. Kama ni laini una bahati, osha kila kitu kwa mafuta ya taa safi, puliza kwa hewa kavu, pitisha mafuta mapya, vipande vile virudi kila kimoja kwenye mfereji wake na upande wake uleule. Lakini usiishie kwenye pampu. Fungua hosi ya kurudi kwenye kopo, iingize kwenye chupa, inua magurudumu ya mbele, mtu azungushe usukani taratibu injini ikiwa imezimwa na we unaongeza mafuta mapya huku mpaka yanayotoka yawe safi kabisa. Yamwage hayo, usiyarudishe.

Na huyo fundi mwambie kwa upole, kwa ajili ya afya yake. Mchanga wa mtoni ukipigwa kwa hewa unapasuka na kutoa vumbi la silika, linaingia kwenye mapafu na halitoki, ugonjwa wake hauponi. Kitambaa puani hakizuii. Kwa kazi ya gari wapo wanaotumia vipira vya kioo au hata magunzi ya mahindi yaliyosagwa na kukaushwa, magunzi yanatoa uchafu na rangi bila kugusa chuma chenyewe, na kwetu huku magunzi tunayachoma tu. Lakini hata kwa magunzi sharti ni lilelile, pampu iwe imefunguliwa yote na linalopigwa ni ganda tupu, au isipigwe kabisa.

SWALI: Mambo vipi. Hapa Boma Ng'ombe. Land Cruiser HJ60, hosi kubwa ya pawa imepasuka. Mpira wa kawaida wa mafuta wenye nyuzi unaweza kushika kwa muda? Na je nikitengenezesha itafanana na ya zamani?

JIBU: Poa. Haushiki hata kidogo. Ile hosi inayotoka kwenye pampu inabeba presha inayoweza kupita bar 70 ukikata usukani hadi mwisho, mpira wa kawaida unapasuka na mafuta ya moto yanamwagikia eksozi, moto unaanzia hapo. Nenda kwa watu wanaotengeneza hosi za matrekta na magreda, Arusha wapo, ila usiwape wakate na kutupa. Wabaki na vyuma vyako vya mwisho vile vilivyokunjwa kiwandani, wakate mpira peke yake, waweke mpira mpya wa presha na wabane upya kwa mashine. Hivyo kona za bomba zinabaki zilezile na ndo zinazofanya ionekane ya asili. Uliza mpira laini wa pawa kama wanao, ule wa greda wenye nyavu mbili za chuma unashika presha bila shida lakini ni mgumu haukunji vizuri na unapeleka mlio wa pampu hadi ndani ya gari. Hosi ya kurudi haina presha kubwa, hiyo weka mpira wowote unaostahimili mafuta na klipu za aina ileile ya zamani.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa hapa Moshi mjini, marehemu mume wangu aliacha Mercedes 200 ya 1979, haina pawa na mabega yananiuma. Vijana wangu wanasema nikiweka pawa gari linapoteza thamani yake ya asili. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba mama yangu. Sio kweli hivyo. Pawa ni ya zamani kuliko hilo gari, Mmarekani Francis Davis alikuwa nayo kwenye gari lake la majaribio katika miaka ya 1920, na Chrysler wakaanza kuiuza kwenye Imperial mwaka 1951. Kwenye W123, ambayo ndo bodi ya gari lako, ilikuwa kitu cha kuongeza kwa hela mpaka 1982 walipoiweka kwenye magari yote. Kwa hiyo gari la 1979 lenye pawa kiwandani walikuwa wanalitoa, ukiweka vifaa vya gari la aina hiyohiyo na kipindi hichohicho unakuwa umelipatia gari kile ambacho mteja mwingine alikichagua siku ya kununua. Kinachobadilika ni boksi zima la stelingi, pampu, breketi, puli na hosi. Kuongeza pampu peke yake haiwezekani, akikwambia mtu hivyo mkimbie. Lile boksi la zamani lipake grisi, lifunge kwenye nailoni, liweke store, lisiuzwe, vijana wakitaka kulirudisha siku moja lipo. Mabega yako yana thamani mama, endesha.

SWALI: Fundi, niko Sakina. Kopo la pawa nililipiga nyeusi mwezi wa sita kwa rangi ya kopo, limetoka na ukungu mweupe na sasa pale mafuta yalipodondokea imekunjamana. Nilinunua rangi mbaya?

JIBU: Rangi ni nusu ya tatizo, nusu ni mwezi. Juni na Julai Arusha asubuhi ni ukungu na baridi, rangi ikipulizwa kwenye bati la baridi unyevu unanaswa ndani na ndo huo weupe. Subiri saa sita mchana siku yenye jua, weka kopo ndani ya chumba chenye joto mpaka bati lenyewe liwe vuguvugu mkononi, na rangi pia iwe vuguvugu.

Kukunjamana ni kwa sababu rangi nyingi za kopo hazina hadina, ile dawa ya kukazia rangi, zinakauka lakini zinalainika zikiguswa na mafuta au thina. Kwa hapo tumia rangi ya gari ya kuchanganya na hadina. Onyo, hizo hadina zina kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha, vaa maski ya kweli yenye filta za rangi na mvuke na upulizie nje, barakoa ya kitambaa au ya hospitali haisaidii. Toa rangi yote ya sasa, piga praima ya kung'ata chuma, alafu nyeusi nyembamba mara mbili tatu na uache ikauke katikati. Nyembamba, maana nene inafukia namba zilizogongwa na kingo za bati zinakuwa mviringo, na mtu akiangalia anajua. Kwa sababu hiyohiyo rangi ya unga inayookwa kwenye oveni siipendi kwa kopo la pawa, inadumu kweli lakini ni nene, na chini ya bolti inabonyea kidogokidogo mpaka bolti inalegea. Kama umeshaamua, ziba sehemu zote zinazobana ili zibaki chuma kitupu, na toa sili zote kabla, joto la oveni linazipika.

Iache ikomae wiki nzima kabla haijagusa mafuta. Ukijaza tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, magari mengi ya enzi hizo yalitumia ATF, yaani mafuta ya giaboksi za otomatiki, usichanganye na ya breki hata tone maana yanaharibu sili. Magurudumu ya mbele juu, injini imezimwa, zungusha usukani kutoka mwisho mpaka mwisho taratibu huku unaongeza, ndo uwashe, na usiushikilie mwishoni kabisa zaidi ya sekunde chache. Ukiona povu ndani ya kopo hewa bado ipo, zima, ngoja povu lishuke, rudia. Mafuta yakiwa baridi yabaki chini kidogo ya alama, yakipata moto yatapanda yenyewe, na ukijaza hadi juu yatatokea kwenye mfuniko na kushukia kwenye rangi yako mpya.